Mpunga wa Golnahar

Wazo la kupanda mpunga barabarani halikuwa la Golnahar. Lilikuwa la Tofazzal muuza chai. Alisoma gazetini kwamba watu wa mtaa mwingine walipanda mpunga kwenye maji yaliyotuama mbele ya nyumba zao, wakapigwa picha, na manispaa ikaona haya. Kichochoro chao kilikuwa na maji kwa mwaka wa nne. Mtaro uliokuwa uyatoe ulikuwa umeishia hatua mia moja kabla ya kuwafikia, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Na mbu walikuwa wengi kiasi kwamba watu walikula chakula cha jioni ndani ya vyandarua, sahani magotini.

Basi wakanunua mafungu matatu ya miche sokoni, wakaingia majini, wakaichomeka huku wakimtazama mpiga picha. Golnahar alisimama kizingitini na sindano mkononi. Kazi yake ilikuwa kushona sari kuukuu kuwa mashuka mazito ya kujifunika. Alivumilia kwa muda, kisha akashindwa.

"Tofazzal, mnapanda au mnazika?"

"Ni ya picha tu, mama mdogo."

"Picha haina mizizi?" Akavua kandambili, akakunja sari, akaingia. Aliing'oa miche yote akaipanda upya kwa mistari, akirudi kinyumenyume, mgongo umeinama, vidole vikijua kina bila kuulizwa. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alikotoka, kando ya Meghna, mto ulilila shamba lao kwa misimu miwili, ukianzia pembeni kama mtu anayekula mkate, ukamalizia na nyumba. Tangu siku hiyo hakuwa amepanda hata mche mmoja.

Picha ilitoka gazetini. Hakuja mtu.

Mpunga wa namna hiyo hufa ndani ya wiki, na hakuna anayeulilia. Huu haukufa. Kila asubuhi, kabla ya kushika sindano, Golnahar aliingia majini akaokota mifuko ya plastiki, akapalilia, akawafukuza bata. Mtaa mzima ulikuwa unautilia mbolea bila kutaka, na mpunga ulinenepa. Ulikuwa wa kijani kilichokolea hivi kwamba wapita njia wa barabara kuu walisimama kuutazama.

"Mama mdogo," Tofazzal alisema, "sisi tulipanda kumwaibisha diwani. Wewe umepanda upate kula?"

"Nyamaza, pika chai yako. Hata mwenye aibu hula."

Ng'ambo ya maji, juu ya matofali saba ya kukanyaga, aliishi Shefali, rafiki yake wa miaka ishirini, mjane kama yeye. Mpunga ulipofika magotini Shefali alishikwa na homa ya dengi. Tofazzal na mwenzake walimbeba kwa kiti katikati ya mpunga mpaka kwenye riksho, naye akiwa amejishikilia na kuwatukana kwa kumtikisa. Alirudi kutoka hospitali baada ya siku kumi na moja, amebaki mifupa na ulimi. Muuguzi alimwambia Golnahar pembeni: "Bibi, mchungeni huyu. Akiumwa mara ya pili, huwa mbaya kuliko ya kwanza."

Diwani alikuja kumpa Shefali pole. Alisimama upande mkavu.

"Mbu wa homa hii hapendi maji machafu," akaeleza. "Hutaga kwenye maji safi, humo ndooni na makoponi mwenu. Haya maji yangu hayana kosa."

"Yako!" Tofazzal akadakia. "Mashahidi mpo? Leo kakiri, maji ni yake!"

Watu walicheka mpaka diwani mwenyewe akatabasamu, akaondoka. Golnahar hakucheka. Alikuwa ametazama chini. Katikati ya mashina maji yalikuwa yametulia, yakasafika, tope la chini likaonekana, na juu yake viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikichezacheza. Aliyeyasafisha ni yeye.

Mwezi uliofuata, uchaguzi ukiwa umekaribia, mafundi wa manispaa walifika kweli, na majembe na mabomba. Msimamizi wao alitazama barabara, akavua kofia. Mpunga ulikuwa na mimba. Masuke yalikuwa bado ndani ya shina. Kila aliyewahi kulima alijua kwamba ukiukausha wakati huo, utatoa mapepe matupu.

"Sasa hii?" akauliza msimamizi. Kisha akatoa karatasi. "Au tieni saini hapa kwamba wakazi wanaomba tusubiri mavuno. Tutarudi."

Wote waliijua karatasi ya namna hiyo, na wote walijua kurudi kwa manispaa. Ila Tofazzal, aliyeulilia mtaro ule kuliko wote, ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

"Lete kalamu. Miaka minne tumesubiri bure, siku hamsini zitatushinda?"

"Hazitushindi," akasema mwingine nyuma yake, akijikuna shingo.

"Sainini!" Shefali akapaza sauti kutoka ndani ya chandarua chake. "Mimi nimeshaumwa! Mbu hawana jipya la kuniletea!"

Golnahar aliwatazama mmoja mmoja. Hakujua kwamba wanampenda kiasi hicho, na kujua huko kulimwuma. Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akamrudishia msimamizi.

"Chimbeni, mwanangu. Ila nipeni mpaka adhuhuri."

"Mama mdogo—" Tofazzal akaanza.

"Tafuta mundu."

Mundu ulitoka kwa Haradhan muuza maziwa, aliyesema ng'ombe wake hawajawahi kuona majani ya namna hiyo. Golnahar alianza upande wa Shefali. Wengine waliingia kumsaidia, wakakata ovyo, akawafokea, wakafurahi kufokewa. Katikati ya kazi alipasua shina moja kwa ukucha. Suke lilikuwa ndani, jeupe, laini, limelala. Akalitazama kidogo, akalitupa pamoja na mengine, akaendelea.

Siku ya tatu maji yalikuwa yamekwisha. Mbu walibaki wiki nzima zaidi, kama wageni ambao hawajaambiwa kwamba sherehe imekwisha, kisha wakapungua. Asubuhi moja Golnahar alivuka kwenda kwa Shefali akiwa na kandambili miguuni, sari haijakunjwa, na katikati ya barabara akasita, mguu ukitafuta tofali lisilohitajika tena.

Haradhan alikuwa amewaletea maziwa bure, shukrani ya majani. Shefali alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akameza.

"Huo mpunga wako ng'ombe wameukubali?"

"Anasema waliumaliza siku moja."

Shefali aliinua bilauri kwenye mwanga. Ulipenya vizuri sana. "Maana naona maji yetu hayakwenda mbali."

Golnahar alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la sari, akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha. Shefali alimsogezea bilauri, akamwambia anywe kabla maziwa hayajaingia utando.