Mkwe wa Blandina kwenye Pwani ya Mawe

Mtu akikushauri uende likizo ya kiangazi kwenye pwani ya mawe kule kaskazini mwa Uskoti, muulize kwanza kama amewahi kunusa mwani uliooza juani. Mimi nimeunusa wiki nzima. Ushauri wangu wa kwanza ni kubaki London, kwetu Woolwich.

Nilikwenda kwa sababu ya Blandina. Tumesafisha ofisi pamoja miaka mingi, mimi wa Kigoma, yeye Mkongo wa Walungu, na ni mwanamke msafi kuliko wote ninaowajua. Huko Thamesmead anakokaa hupiga deki hata ngazi za jengo, na hakuna aliyemtuma. Binti yake Reine alipokodi nyumba ya likizo, Blandina aliniambia haendi bila mimi. Ulrich alikuwa anakwenda pia, na Ulrich ni mkwe wake.

Blandina alilelewa kwamba mama mkwe na mkwe wa kiume hukaa mbali kwa mbali. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na mwili wa mmoja haugusi wa mwenzake. Tangu harusi hajawahi kutafuna chochote mbele ya Ulrich. Heshima hiyo ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kwao kikafika London kizima.

Sasa mtu kama huyo mpeleke kwenye kijumba chenye bafu moja, mlango wa kioo unaoonyesha kivuli cha anayeoga, na zulia chini. Zulia, bafuni. Nilipolikanyaga likatoa maji, na mbwa wa wapangaji waliotutangulia alikuwa ameacha manyoya yake humo. Kwa hiyo ulizia bafu kabla hujaulizia bahari. Blandina alikuwa anaoga pale tu mkwe anapotoka, na alikuwa anakula jikoni, amesimama, chakula kimeshapoa.

Ulrich naye hakumrahisishia. Anafanya kazi kwenye maghala ya Hayes, ana sauti ya kuita malori, na wiki nzima alizunguka nyumbani kifua wazi na kaptula ya kuogelea yenye picha za mananasi. Alichokonoa konokono wa baharini kwa pini akawameza tunamwona.

"Mama, huku si Walungu," alikuwa anapaza sauti kuelekea jikoni. "Kuya tukule pamoja."

Blandina aligeukia ukuta. Mimi kaptula ile ilinitia kichefuchefu kuliko konokono.

Siku moja kabla ya kurudi, Reine alitupeleka kuangalia sili, wale wanyama wanono wa baharini wanaolala kwenye mawe. Sili mwenyewe alikuwa mmoja, amekufa, amevimba, na shakwe wanamdonoa macho. Watu wamesimama wanampiga picha huku wanakula sandwichi. Nilimshika Blandina mkono tukasogea mbali, tukapanda mwamba ulioingia baharini ili tupate hewa isiyonuka. Ushauri mwingine huo: maji ya kule hayakupi taarifa. Tulikaa tunawasengenya watu wa kazini, na tulipogeuka, bahari ilikuwa imetuzunguka kwa nyuma. Kati yetu na nchi kavu palikuwa na maji ya mapajani, yanavuta, na mwani unayumba chini yake kwa utelezi wake wote.

Blandina hajui kuogelea. Akaninong'oneza, "Lilian, nimejikojolea."

Nikatazama kitenge chake. Kilikuwa cha rangi ya maziwa, na doa lilikuwa limeshuka hadi kwenye soksi. Kwa mara ya kwanza wiki ile sikuona kinyaa. Niliona uchungu.

Ulrich akaja anakata maji, kifua wazi kama kawaida yake. Akatugeuzia mgongo, akachuchumaa.

"Mama, panda mu mugongo."

"Apana. Mukwe haiwezi kunibeba."

"Mama, mayi inapanda."

"Uniache nife hapa."

Nilijua hakuwa akizungumzia mila peke yake. Ufukweni watu walikuwa wamemwacha sili, simu zao zimetuelekea sisi. Wimbi likalamba viatu vyetu. Sikungoja tena. Nikamsukuma rafiki yangu juu ya mgongo ule, naye akajifunika uso kwa kilemba chake. Mimi nikafuata nyuma, nimeng'ang'ania pindo la kaptula ya mananasi.

Ulrich alipita kwenye mawe yenye mwani hatua kwa hatua, bila kuyumba. Kitenge kilikuwa kimemganda mgongoni. Lazima alijua. Hakugeuza kichwa. Tulipofika karibu kabisa na ufuko, maji yakiwa magotini, akasimama akawatazama wale wenye simu. Kisha akaanguka kiubavu, yeye na mama mkwe wake, wakazama wote wawili.

Blandina aliinuka ameloa kuanzia kilemba hadi soksi. Doa halikuonekana tena.

"Ulrich, seriously!" Reine alifoka mbele ya watu wote. "Unatembea namna gani? Umemuangusha mama!"

Watu wakacheka. Ulrich akafuta chumvi machoni.

"Mawe iko na utelezi," akasema.

Pale alipoangukia palikuwa na mchanga mtupu.

Reine alimgombeza njia nzima, naye akawa anaitikia tu. Jioni Blandina alitoa mfuko wa sambaza, dagaa wakavu wa ziwa la kwao, aliokuwa ameuficha kwenye sanduku lake, akazikaanga na nyanya hadi harufu ya mwani ikahama nyumba. Akapakua sahani ikajaa, akanipa mimi.

"Mupelekee. Umuambie akule yote."

Nilimkuta sebuleni. Alikuwa amevaa suruali ndefu na shati, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akapokea sahani kwa mikono miwili, akatoka nayo kwenye upepo ule, akakaa ngazini na kuufunga mlango nyuma yake, ili mama mkwe wake ale mezani, amekaa, chakula kingali moto.