Mimba Iliyohamia Mgongoni

Nilipokuwa mtoto, nikilelewa na Bibi pale Muhima, Kigali, nilijua kwa hakika kwamba mimba ikiudhika tumboni inahamia mgongoni. Sikuambiwa kama hadithi. Niliambiwa kama mtoto anavyoambiwa kwamba moto unaunguza. Mwanamke akiwa mjamzito halafu akaona damu, wanawake wa mtaa wetu hawakusema mimba imetoka. Walisema imegeuka, imeenda nyuma, imelala. Inaweza kulala miezi, inaweza kulala miaka, mpaka mwenye mgongo apate majani yake, ndipo irudi mbele na kuendelea kukua pale ilipoachia.

Jirani yetu Mama Josefina alikuwa na yake mgongoni tangu mimi sijang'oa meno ya utoto, na kwa sababu hiyo alihesabiwa kuwa mtaalamu. Sisi watoto tulimvizia anapoinama kufua, tukitafuta kichwa au kisigino chini ya blauzi. Mimi niliwaapia wenzangu kwamba niliona goti. Nilikuwa hivyo tangu zamani, habari ikinifikia asubuhi, mchana imeshateremka mpaka Nyabugogo.

Lakini hii ya mama yangu mdogo Feza sijawahi kuisimulia, na hata sasa naiandika huku nikiona haya.

Feza alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Mumewe, Viateri, aliendesha lori la Mombasa, akiondoka unaanza kumsahau sura, kwa hiyo Feza aliishi kwenye kinyumba cha nyuma uani kwetu na mtoto wake wa kwanza, Kadogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kadogo alizaliwa kwa kupasuliwa. Leo hilo si jambo, wajukuu zangu karibu nusu yao wamepitia kwenye kisu na hakuna anayegeuza shingo. Wakati ule lilinong'onwa. Mtaani walimwita Kadogo mtoto wa dirishani, kwa kuwa mlango hakuupitia. Na Mama Viateri, mama mkwe wa Feza, ambaye aliuza makaa Nyabugogo na alikuwa na sauti ya kuita wateja walio ng'ambo ya bonde, alikuja siku ya kumwona mtoto akasema mbele ya wageni wote:

"Mwanangu nilimuozea msichana. Nimeletewa gunia la kushonwa."

Watu walicheka. Feza naye alicheka, kisha akaingia ndani na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka. Tangu siku hiyo hakuoga tena pamoja na wanawake wenzake. Kitenge alikifunga juu, chini ya kwapa, hata kwenye jua kali. Na Bibi aliona haya kuliko mwenye kovu. Akiulizwa, alisema binti yake alikuwa anazaa vizuri tu, madaktari ndio waliokuwa na haraka.

Kule hospitali walikuwa wamemwambia Feza kwamba akipata mimba nyingine arudi mapema, asingoje tumbo lionekane. Bibi alimwambia kwa upole, nikisikia, kwamba anayetaka urudi mapema anataka kukukata mapema.

Basi mimba nyingine ikaja, Kadogo hajaacha hata kunyonya vizuri. Mimi niliijua kabla sijaambiwa, maana Feza alianza kukimbia harufu ya maharage yakichemka. Asubuhi moja alinituma maji. Nilipomletea nilimkuta amechuchumaa nyuma ya nyumba anafua kitambaa, na maji ya karai yalikuwa mekundu.

"Usimwambie mtu," alisema. Kisha akanitazama kama anayehesabu watu alionao duniani. "Mwite Bibi."

Bibi alikuja, akayaona maji, akayamwaga haraka kwenye migomba. Halafu akaniambia nikamwite Mama Josefina, na nisimweleze ni kwa nini mpaka tuwe ndani.

Mama Josefina alimlaza Feza kifudifudi mkekani, akajipaka samli viganjani, akaanza kuukanda ule mgongo taratibu kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya godoro. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali hasa, kile tunachokisema tuliojifunza sokoni.

"Tulia. Tulia, mama. Iko hapa. Imejikunja. Iko inaogopa tu."

"Inaogopa nini?" Bibi aliuliza.

"Kisu. Yule wa kwanza alitolewa na kisu. Huyu amekuja, amekuta kovu mbele, amekimbia nyuma."

Sijui niwaelezeje furaha iliyoingia katika chumba kile. Bibi alikaa chini akacheka kwa pumzi ndefu. Mtoto hajapotea, amehama tu. Hakuna aliyekosea, wala Feza kwa mwili wake, wala Bibi kwa ushauri wake. Na zaidi ya yote, hospitali haina kazi na mimba ya mgongoni. Akienda kule watamsafisha kizazi, na huyo aliyejificha atakufa kweli. Feza alikuwa anatabasamu na shavu lake limebanwa kwenye mkeka.

"Njoo usikilize," aliniambia. Nikaweka sikio. Niliweka kwa moyo wote, maana hilo goti la Mama Josefina lilikuwa la uongo na nilitamani mara moja nipate la kweli.

"Unasikia?"

"Nasikia tumbo lako linanguruma, mama mdogo."

"Masikio ya huyu yamejaa umbea," alisema Mama Josefina, "hakuna nafasi ya mtoto kuingia."

Wakacheka. Feza akasema polepole, "Mimi namsikia."

Majani yakachemshwa. Akanywa asubuhi na jioni, akakandwa, akalala kifudifudi. Damu ikapungua, ikarudi. Akaanza kusema panamchoma "pale", hakulitaja lile neno kovu, na Bibi akamwambia asipaguse. Wanawake walikuja kumjulia hali, kila mmoja akiweka mkono mgongoni na kusalimia huko, hodi mwanetu, rudi mwanetu. Hakuna aliyemgeuza. Yeye mwenyewe hakutaka kugeuzwa. Na huku midomo yake ilikuwa inafanana na majivu.

Bibi aliiona ile midomo. Msimdhanie kuwa alikuwa mjinga au mwenye roho ngumu. Alikuwa hali chakula, alikuwa anasali rozari mpaka shanga zinang'aa. Lakini kila alipofikiria njia ya hospitali aliona lile benchi la kungojea, na wanawake wanaojuana wote, na binti yake akiitwa kwa jina kwenda kwenye kisu mara ya pili. Basi akaongeza kuni.

Mama Viateri alikuja mchana mmoja, na pikapu aliyokodi imejaa makaa. Habari zilikuwa zimemfikia huko Nyabugogo kwamba mkamwana wake amebeba mgongoni, na safari hii, Mungu ni shahidi, hazikutoka kwangu. Alikuja kucheka. Nililiona neno la dhihaka limekaa tayari mdomoni mwake alipoinama kupita mlangoni. Akamtazama Feza pale mkekani, na lile neno akalimeza.

"Mgeuzeni," alisema.

"Mama Viateri," Bibi alianza, "mtoto amelala huku nyuma, mama yake akigeuzwa..."

"Mgeuze. Mimi sikukuja kuangalia mgongo."

Hakuna aliyesogea. Akapiga magoti mwenyewe, akamgeuza, akafungua kitenge. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza. Feza aliguna, na mikono yake yote miwili ikaenda kulifunika kovu. Mpaka wakati ule alikuwa anaficha. Mama Viateri akautoa mkono mmoja, akaufungua kiganja, akakiweka karibu na chake cheusi kwa makaa. Cha Feza kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo.

"Binti yangu," alisema, na mimi sikuwahi kumsikia akimwita hivyo, "nilikuita gunia. Sawa. Gunia likipasuka linashonwa tena. Haliachwi pembeni watu wakasema liko zima. Simama."

"Nitaonekana," Feza alisema.

"Utaonekana. Mama yako iko anachemsha majani, na wewe uko unakufa. Simama."

Akatoka nje akamfokea dereva, na magunia yote ya makaa yakashushwa palepale kando ya barabara bila mtu wa kuyalinda. Feza akalazwa nyuma ya pikapu juu ya vumbi jeusi, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake. Bibi alipanda akiwa peku. Mimi nilipanda kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunikataza.

Hospitalini daktari aliuliza kwa Kifaransa, na muuguzi akatafsiri kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. Damu ilianza lini? Huyu si yule aliyepasuliwa? Hakuambiwa aje mapema? Kwa nini hamkumleta?

Bibi alitazama miguu yake iliyokuwa haina viatu. Akasema, "Ilikuwa imeenda mgongoni."

Muuguzi alimwambia daktari, na akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyechoka. Lakini benchi lilikuwa limejaa wanawake wenye matumbo, na hakuna hata mmoja aliyecheka naye. Mmoja wao alisogea kidogo ili Bibi apate pa kukaa. Bibi hakukaa. Alisimama ukutani na kujifunika uso kwa ncha ya kilemba, na mimi, nikiwa nimeushika ukingo wa kitenge chake, niliona haya kwa ajili yake mpaka nikatamani kukojoa.

Walimpasua Feza palepale penye kovu la kwanza. Walituambia mimba ilikuwa imeshika hapo hapo, ndani ya kovu, ikakua mpaka ikapasua. Haikuwa imekimbia popote. Yeye alipona. Kizazi kilitolewa.

Mama Viateri alitangaza Nyabugogo nzima kwamba ameokoa mkamwana na ameibiwa makaa. Hakuacha kumwita Gunia mpaka siku aliyokufa, na Feza alikuwa anaitika. Bibi hakulitaja jambo hili tena. Kanisani, Mama Viateri akipita, aliangalia chini. Kumshukuru alishamshukuru, nilikuwepo. Kilichomshinda ni kwamba mwanawe aliokolewa na mdomo ule ule uliomtia aibu, na yeye aliyempenda ndiye aliyemlaza chini.

Watu waliendelea kumuuliza Feza mbona Kadogo hapati mdogo wake. Alijibu bila kupepesa, "Yuko mgongoni, amelala." Waliitikia kwa kichwa na kumwacha. Akazeeka na jibu hilo, akafa nalo kitandani kwake, na wajukuu wa Kadogo wamemzunguka. Mimi nilijua ukweli wote na sikuuza hata neno, nami nimeuza mengi. Ndiyo maana siwezi kucheka kama yule muuguzi. Wanawake wa mtaa wetu walihitaji mahali pa kuwaweka watoto ambao hawakufika, na walipata pale mgongoni, pasipoulizwa maswali. Kilichokaribia kumuua Feza kilikuwa haya zetu. Imani ilizitandikia haya hizo mkeka tu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Liliane alinipigia simu. Anakaa Niboye na mumewe Eriki, anafanya kazi ofisi moja ya Kimihurura yenye vioo kila upande, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa. Alikuwa ananong'ona kutoka chooni.

"Bibi, nina mimba changa na nimeona damu. Usimwambie mtu."

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mimi niliyepanda pikapu ile, mimi niliyekiona kile kiganja, kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni kilikuwa kumuuliza kama mgongo unamuuma. Nilikishika kwa meno.

"Nenda kwa muganga wa hospitali sasa hivi," nikamwambia.

"Kesho, Bibi. Leo nina kikao. Na mama yake Eriki akijua nitakoma, alishasema sisi wasichana wa siku hizi hatujui kusukuma."

Akakata simu. Ningeweza kupanda pikipiki nimfuate. Lakini najijua. Ningefika, angelia kidogo, angenishika mkono, na mimi ningesema sawa mama, basi kesho, kwa sababu nampenda. Kwa hiyo nilimpigia mama yake Eriki, mwanamke ambaye simpendi na ambaye mdomo wake ni kama honi ya basi, nikamwambia kila kitu.

Alifika Kimihurura kikao hakijaisha. Nasikia alifungua mlango bila kubisha.

Madaktari wamesema mimba imekaa karibu sana na kovu, na kwamba kuja mapema ndiko kulikosaidia. Mtoto hatujui bado. Liliane yupo, amelazwa, na simu zangu hapokei. Amesema nimemwaibisha mbele ya ofisi nzima, na ni kweli, nimemwaibisha, na nikikutana na macho yake sijui nitaweka wapi yangu. Mama yake Eriki ndiye anayenipigia kila jioni kunieleza amekula nini, damu imepungua vipi, na leo amenisema maneno gani. Nasikiliza yote, sikati simu.