Anayegonga Kioo cha Nyuma

Mtaani walimwita Bwana Futi, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa makabati ya jikoni, na futi yake ya chuma haikutoka kiunoni hata siku ya harusi. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajaketi keshaona kwamba meza yako imepinda. Suruali anaipima, godoro analipima. Mkewe aliwahi kusema mbele za watu kwamba mwanaume huyu alikuja kwao kupima jiko la baba yake, akaondoka na binti. Watu walivunjika mbavu kwa kucheka. Yeye hakucheka, alisema tu kwamba jiko lile lilikuwa limepinda kweli.

Sasa mtu kama huyo, mwambie achague gari la familia! Kigari chao cha zamani kilikuwa kimekufa, na hakukuwa na fundi wa kukifufua. Walikuwa sita nyumbani: yeye na mkewe, binti mkubwa, mapacha wa kiume, na kitinda mimba wao waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Ukiongeza milango ya makabati na mifuko ya bawaba, gari dogo lisingefaa. Lakini Bwana Futi alishikilia liwe na safu tatu na viti saba.

"Sisi tuko sita," mkewe alisema. "Cha saba cha nani?"

"Cha mgeni."

Mkewe alimjua mgeni mwenyewe. Alikuwa mama mkwe wake, Bibi wa watoto, ambaye walikuwa wamemzika mwaka uliopita.

Hapa lazima nieleze jambo moja la nyumba ile, maana bila hilo utaniona natia chumvi. Zamani, mmoja wa mapacha alibanwa vidole na mlango wa gari, na tangu siku hiyo Bibi alijipa kazi ya kukaa nyuma na kusimamia. Alikagua mikono, miguu na mikanda. Sauti yake ilikuwa imekufa kooni kwa maradhi, kwa hiyo akimaliza aligonga kioo kwa pete yake. Ko. Ko. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani aliyelala. Mpaka agonge, gari haliondoki. Shule inachelewa, mteja anapiga simu, mvua inanyesha, haliondoki! Na baada ya Bibi kufariki, Bwana Futi bado alikuwa akiwasha gari na kusubiri, mikono kwenye usukani, macho mbele, mpaka mkewe amguse bega na kusema, "Twende, mume wangu." Ilikuwa inamuuma kila asubuhi, na hakujua kuizuia.

Basi wakaenda yadi ya magari, familia nzima, wamepangana kama wanaokwenda kupigwa picha. Dalali wa yadi alikuwa kijana mcheshi mwenye miwani kichwani na maneno mengi mdomoni. Aliwaonyesha magari mawili makubwa yaliyosimama ubavu kwa ubavu, moja jeupe, jingine la bluu iliyokolea. Watoto hawakuchelewa kuyabatiza. Jeupe wakaliita Ndovu, la bluu wakaliita Kifaru.

Walianza na Ndovu. Dalali akakaa mbele, mama na mapacha wakabanana kwenye viti viwili vya safu ya kati, binti mkubwa na Chiriku nyuma, na kati yao kiti kitupu. Bwana Futi akawasha, akasubiri.

"Kuna tatizo, mzee?" dalali akauliza.

Mkewe akamgusa bega. Wakazunguka mtaa wa pili na kurudi. Gari lilikuwa tulivu, pana, halina makelele. Watoto wakaanza kugombania nani atakaa dirishani.

Wakahamia Kifaru, wakakaa vilevile. Bwana Futi akawasha. Ndani mlikuwa na ubaridi, ingawa gari lilikuwa limeshinda juani na kipoza hewa hakijawashwa. Akasubiri kama kawaida yake, huku akijua ni ujinga.

Ko. Ko.

Nywele zilimsimama. Aligeuka. Binti mkubwa alikuwa ametoa macho, mikono yake imelala mapajani. Mapacha walikuwa wametulia, jambo ambalo hata wakiwa wamelala si rahisi kuliona.

"Nani kagonga?"

"Siyo mimi, baba," Chiriku akasema. "Ni hapa." Akaonyesha kiti kitupu.

"Plastiki hiyo, mzee wangu," dalali akadakia, bila kugeuka nyuma. "Gari likikaa juani linalia lia kidogo. Weka gia twende."

Walizunguka mtaa ule ule na kurudi. Waliposhuka, mama watoto alimvuta mumewe pembeni, nyuma ya rundo la matairi. "Tuchukue jeupe," alisema. "Nisikilize kwa hili moja tu, baba watoto. Jeupe."

"Siwezi kuchagua kabla ya kupima," akajibu, na hilo lilikuwa jibu lake la siku zote, kwa hiyo mkewe hakushuku kitu.

Kesho yake alirudi peke yake na futi. Alipima nafasi ya magoti, upana wa viti, urefu wa buti, kimo cha mlango kutoka chini. Alipima kama anavyopima jiko la mteja msumbufu. Na kila alipopima, Ndovu lilishinda. Lilikuwa na nafasi zaidi, mikanda yake ilikuwa mipya, na buti lake lingemeza milango ya kabati bila kuilaza upande. Skrini yake ya kuonyesha nyuma ilifanya kazi, ya Kifaru ilikuwa inawaka na kuzimika inavyotaka. Mtu yeyote mwenye akili zake angelipa pale pale na kwenda zake.

Yeye alifungua mlango wa Kifaru, akakaa, akaushika usukani.

Ko. Ko.

"Mama?"

Kimya kidogo. Kisha, ko, ko, taratibu, kwa pete. Aliijua ile pete, aliijua kuliko sauti yake mwenyewe. Bwana Futi, mtu mzima na ndevu zake, alilaza kichwa kwenye usukani akalia kama mtoto. Alikuwa amemkumbuka sana mama yake. Mwaka mzima alikuwa akichonga mbao na kujifanya mzima, kumbe ndani hakuna kitu.

Jioni mkewe alikuwa anakunja nguo sebuleni. "Haya, vipimo vimesemaje?"

"Kifaru," alisema. "Limeshinda kwa kila kitu."

Ndiyo, alidanganya. Yule yule aliyekataa kula chakula mpaka anyooshe meza ya watu, alidanganya kipimo. Na mkewe akaamini, kwa sababu katika ndoa yao yote kitu kimoja hakikuwa na ubishi, nacho ni futi ya mumewe.

Siku za mwanzo nyumba ilichangamka. Bwana Futi aliimba akinyoa ndevu. Kila asubuhi aliwasha Kifaru, akasikiliza, akapata kugongewa kwake, akaondoka akitabasamu. Watoto waliambiana kwa kunong'ona kwamba Bibi amerudi. Mama watoto alihamia kiti cha mbele na hakukubali tena kugeuka nyuma gari likiwa linatembea.

Lakini kulikuwa na mambo. Chiriku alipungua maneno. Mtoto aliyekuwa akikusimulia ndoto yake na ya jirani yake sasa alikaa kimya pembeni ya kile kiti, kichwa kimeinama upande, kama anayeambiwa siri. Ubaridi wa ndani haukuisha hata juani. Kwa ndani ya kioo cha nyuma palitokea mikwaruzo midogo midogo, na kila Bwana Futi alipoosha gari ilikuwa imeongezeka.

Na ule ugongaji ukaanza kuwahi. Mwanzoni ulikuja milango yote ikishafungwa. Baadaye ukawa unakuja mlango wa mwisho ukiwa bado unafungwa. Kisha ukaja mapacha wakiwa bado wanasukumana, mikanda iko chini. Bwana Futi aliyaona yote hayo, maana jicho lake si la kupitwa na kitu. Alijiambia kwamba wazee nao huchoka kusubiri. Mtu akitaka kudanganyika hakosi sababu, jamani.

Asubuhi moja ya shule, jua limeshatoka, gari lilikuwa uani limeelekeza pua ukutani, la kutoka kinyumenyume. Watoto walikuwa wameingia. Milango ilifungwa, mmoja, wa pili, wa tatu. Mama watoto alikuwa bado anafunga nyumba, apandie getini. Bwana Futi akawasha, akatazama skrini ya nyuma. Ilikuwa nyeusi tii.

Ko-ko-ko.

Akaweka gia ya nyuma, akaachia breki. Gari likajivuta kidogo sana, upana wa kidole labda. Hapo akatega sikio. Alikuwa mtu wa vipimo, na kipimo hiki hakikuwa sawa. Mama yake hakugonga hivyo. Mama yake hakuwahi kumharakisha mtu maisha yake yote, hata shule ikichelewa, hata mvua ikinyesha.

Akakanyaga breki kwa nguvu zote.

Ko-ko-ko-ko! Sasa kwa hasira, mpaka kioo kikatetemeka.

"Baba, twende, tumegongewa," mmoja wa mapacha akasema, kwa sauti baridi, akitazama mbele.

Bwana Futi alizima gari, akaruka nje, akazunguka. Chiriku alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya tairi, sare yake ya shule imejaa vumbi, mkono ameunyoosha chini ya gari akitafuta chupa yake ya maji. Kati ya tairi na mbavu za mtoto hapakupita hata kiganja.

Alimvuta, akamkumbatia, akakaa naye chini kwenye vumbi. "Umeshuka saa ngapi wewe? Nani kakwambia ushuke?"

"Ni huyo ninayekaa naye," Chiriku akasema, anashangaa kuulizwa. "Kasema nishuke niokote, nifunge mlango polepole. Kasema utanisubiri."

Ndani ya gari, kioo cha nyuma kiliendelea kugongwa. Ko-ko-ko-ko-ko. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, uso umemparara. Aliwatoa wale wengine mmoja mmoja kwa kuwavuta nguo, kisha akaja kukaa chini karibu na mumewe.

"Yule si mama," Bwana Futi alisema.

"Najua. Nilijua tangu yadi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona unafurahi," mkewe akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mwaka mzima sikuwa nimekuona unafurahi. Na ulisema umepima."

Hapo ndipo alipomwambia. "Jeupe ndilo lililoshinda. Kwa kila kitu. Nilikudanganya." Mkewe aliinuka. Alimchukua Chiriku kutoka mikononi mwake, akaingia naye ndani, na kwa siku nyingi baada ya hapo hakumwita tena mume wangu.

Kifaru alilirudisha mwenyewe, peke yake, redio imefunguliwa mpaka mwisho asisikie kitu. Dalali alimpokea bila kuuliza lolote. Wala hakushangaa! Alikubali kubadilishana na Ndovu upesi mno, kama mtu aliyekwisha kulipokea gari lile mara nyingi, na alipolisogeza pembeni alilisukuma kwa mkono kutokea nje, badala ya kuingia na kuliwasha.

"Usiliuze hilo," Bwana Futi alimwambia. "Mtaua mtoto wa mtu."

"Gari halina kosa, mzee wangu," dalali akasema, macho chini. "Watu wenyewe wanalipenda."

Siku hizi Bwana Futi anaendesha Ndovu. Kabla hajawasha, anazunguka gari, anainama, anatazama chini ya matairi, anamgusa kila mtoto kichwani. Majirani wanamcheka, wanasema sasa anapima hata hewa. Akishakaa kwenye usukani hakuna anayegonga. Kimya chenyewe kinamuumiza kama zamani, naye anakiacha kimuumize, halafu anaondoka.

Lakini njia ya karakana yake inapita pale yadi. Majuzi, mchana kweupe, aliona Kifaru limesogezwa tena mbele, limeoshwa linang'aa. Kwenye usukani alikaa mwanamke mwenye sare ya muuguzi, watoto wake wamejaa nyuma, injini inaunguruma. Dalali alikuwa amesimama mbali, mikono mfukoni.

Bwana Futi alisimamisha gari katikati ya njia, akavuka mbio huku madereva wakimtukana, akafika dirishani kwa yule mama. "Dada, zima gari. Shusha watoto. Nakuomba, mimi nilikuwa nalo hili."

Mwanamke hakumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, midomo imefunguka kidogo, macho yamejaa machozi, na Bwana Futi aliutambua ule uso, maana alikuwa ameuvaa yeye. Kutoka kiti cha nyuma, kitupu katikati ya watoto, alisikia mtu akikohoa. Kikohozi kizito cha mwanaume, cha upole, cha mtu anayesema haya, tuondoke.

Yule mama akainua kidole kumnyamazisha.

"Ngoja kidogo, kaka," alisema. "Ni baba yao. Niache nimsikilize tena."