Ukanda Mdomoni mwa Karani

Wasomaji wangu, wekeni mkono kifuani muape kuwa hili halitatoka. Haya, nyinyi mshaapa. Mimi sikuapa, kwa hiyo nasema.

Juzi Chake Chake tulipanga foleni kujiandikisha kupiga kura. Mbele yangu bibi mmoja wa kijiji cha Ole akataja jina lake, na la mwisho akasema Makubadhi.

Karani, kanzu imepigwa pasi hata inakata, akaweka kalamu chini. "Makubadhi ni viatu, bibi. Nipe jina la ukoo."

"Ndilo hilo. Babu yangu alishona makubadhi, watu wakamwita kwa kazi yake, na sie tumebaki nalo."

"Jina la mafundi wa ngozi linanuka. Ningekuwa wewe ningelibadilisha."

"Linanuka, ila ndilo lililowakinga wazee wako na miba. Siondoki!" Bibi akapiga mguu chini, ukanda wa kubadhi lake ukakatika. Foleni nzima ikacheka.

Karani, kwa haraka ya kumwondoa, akakinyakua kile kiatu. Akautia ukanda mate, akaing'ata ncha yake mpaka ikachongoka, akaupenyeza tunduni, macho yakiwa kwenye daftari.

Kicheko kikakatika. Pemba nzima twajua: mafundi wengine huchonga ukanda kwa kisu, kwa meno ni ukoo wa Makubadhi peke yao.

Bibi akamshika karani kidevu, kipande cha ngozi kingali mdomoni mwa huyo karani.

"Andika langu, mwanangu. Kisha lako, chini yake."