Siku Fundi Saa Alipofoka

Kwao fundi cherehani, maneno matamu ni ya wageni. Mgeni huambiwa "karibu", mpendwa hufokewa "ulikuwa wapi?" Mama yake alimfokea baba yake miaka arobaini, na mzee akazidi kunawiri.

Ndiyo maana fundi saa, aliyepanga naye kibaraza kimoja, alimkondesha. Mwaka mzima mwanamume ni "samahani, dada" na "tafadhali, dada". Akiazima mkasi, anaurudisha umefutwa. Moyo wa fundi cherehani ulidunda kila akiiona ile miwani, lakini akajiambia: huyu ananiona mgeni, hanitaki.

Ijumaa moja sindano ikamchoma kidole, mara ya tatu wiki ile. Fundi saa akaruka, vyuma vya saa vikamwagika sakafuni.

"Kastabani ya kukinga kidole nimekununulia mwenyewe, iko hapo mezani, huivai! Kichwa kigumu kama jiwe! Lete hicho kidole!"

Wateja wakageuka. Fundi saa akajishika mdomo. "Samahani, da..."

"Wee! Usithubutu kuomba samahani!"

Jioni fundi cherehani aliingia kwao mbio, kidole kimefungwa kitambaa, kicheko kimemkaba.

"Mama! Amenifokea!"

Mama akaweka mwiko chini. "Yule mpole wa miwani? Kwa sauti?"

"Mpaka wateja wamegeuka!"

Mama akashika kiuno, akafoka hadi majirani wakasikia:

"Mwaka mzima! Alikuwa wapi huyo mtu?"