Makaburi Mawili ya Seremala

Mtaani kwao alijulikana kwa jina moja tu, Mama Pumua. Alikuwa mkunga, na hilo ndilo neno aliloamrisha wodini kutwa kucha kabla hajastaafu. Ole wake mama aliyebana pumzi. Ulimi wake ulikuwa mkali, mikono yake laini. Watoto aliowapokea walijaa mtaa mzima, na baadhi yao sasa wana vitambi.

Mumewe alikuwa seremala, mtu mpole asiyeweza kugombana hata na kuku. Kanisa lao lilipogawanyika kwa sababu ya magitaa, wengine wakiyataka ibadani, wengine wakisema ni kelele za baa, wenye magitaa walihamia ghala kuukuu ng'ambo ya barabara. Mzee akawafuata, maana muziki ulikuwa ugonjwa wake. Mama Pumua akabaki. Kila Jumapili waliachana barabarani wakitaniana.

"Haya, nenda kacheze dansi lako."

"Na wewe kasinzie huko."

Jioni walisali pamoja, yakaisha. Wenzao hawakuwa na utani huo. Walinuniana mpaka sokoni, na harusi ya hawa wale hawakanyagi.

Kisha mzee akafariki ghafla, karakanani kwake, randa ikiwa mkononi. Mama Pumua alilia mpaka sauti ikamkauka. Ilipomrudia, aliwaomba wachungaji wote wawili jambo moja: mumewe azikwe kwa ibada moja, na watu wote wawepo. Kila mmoja alikubali. Hakuna aliyekwenda kuzungumza na mwenzake.

Jeneza lilipofika makaburini, palikuwa na makaburi mawili wazi. Watu wa kanisani walichimba la kwao jana yake, kwa kuwa mzee ndiye aliyewatengenezea mabenchi yote. Watu wa ghalani walikuja asubuhi, wakaliona, wakachimba la kwao vilevile, kwa kuwa alisali nao mpaka mwisho. Sasa kila kundi lilisimama kwenye shimo lake, na kila mchungaji alikuwa ameshafungua Biblia.

Mama Pumua aliyatazama yale mashimo. Huzuni ikaipisha hasira.

"Mume wangu ni mmoja," alisema. "Siku ya ufufuo mnataka atoke kaburi lipi?"

Mchungaji wa kanisani alikohoa. "Mama, wewe chagua tu. Sisi tutaridhika."

"Nikichagua, nusu yenu mtaondoka mmenuna, na mzee wangu nitakuwa nimemzika na ugomvi wenu. Sichagui. Fukieni yote mawili, halafu mchimbe moja, wote pamoja."

"Jua kali, mama," mchungaji wa ghalani alisema kwa upole.

"Nitasubiri. Na yeye hana haraka tena." Akaketi juu ya udongo, mkono kwenye mfuniko wa jeneza. "Wengi wenu niliwapokea mimi. Mlikuja duniani na kilio kilekile. Kristo ana mwili mmoja, nanyi mnaupasua mbele ya maiti?"

Watu waliinamisha vichwa. Mpiga gitaa wa ghalani akavua koti, akashika jembe. Sepetu akamnyoshea mzee mmoja wa kanisa, yule aliyeanzisha maneno ya kelele za baa. Mzee huyo wa kanisa aliitazama sana ile sepetu. Mwishowe akaipokea, na wawili hao wakaanza kufukia.

Basi wengine wakawafuata. Wachungaji walikunja suruali, viatu vyao vya kung'aa vikazama kwenye udongo. Mashimo yote mawili yalipojaa, wakaanza kuchimba kaburi moja, na katikati ya kazi mwanamke mmoja alianzisha wimbo wa ufufuo, pande zote zikaitikia, kwa kuwa wote waliujua tangu utotoni. Waliokuja na vinyongo walikuwa wanachimba kwa shangwe, wakipokezana majembe bila kuangalia ni ya nani.

Kamba za jeneza zilishikwa na mikono iliyochanganyika. Wachungaji waliomba kwa zamu, na amina ikatoka kwa kishindo. Mama Pumua alikuwa analia, lakini moyo ulimjaa furaha, wala hakuona haya kuiita furaha. Aliinama juu ya kaburi.

"Pumzika, mzee wangu," alisema. "Wamekuja wote."