Mashine Iliyorudisha Bipu

Shule niliiacha mapema, na leo hapa Kisangani hakuna mashine yenye waya ambayo naiogopa. Nasema hivyo kwa sababu ni hivyo. Kibanda changu kiko Mangobo, ubavuni mwa soko, na watu wa ofisi za Makiso wanakuja mpaka huko na viatu vyao vizuri, matope au si matope.

Kati yao alikuja mfanyabiashara mmoja wa familia ya zamani ya Kiislamu, ambaye mji mzima ulimwita Hadji. Alikuwa amejenga chumba cha baridi, chambre froide, kule Bengamisa, nje ya mji, awauzie watu wa mashamba samaki wa barafu. Mtaji wake wote ulikuwa mle ndani. Jenereta ikizima na mlinzi hayupo, samaki wanaoza, na Hadji anaanza upya na umri ule. Alitaka niione jenereta nikiwa Mangobo, na ikibidi niiwashe.

Bengamisa internet inakuja na kuondoka, lakini simu inapita. Nikachukua kisanduku cha chuma chenye matundu ya nyaya, kile kinachozipa mashine za zamani njia ya kuongea na kompyuta. Tundu moja nikalipa jenereta, jingine kipimajoto, jingine modemu yenye kadi ya simu, ili mtu apige kutoka mbali aingie. Kisanduku nikakitia betri ya sola. Nililinganisha kasi ya modemu na ya tundu, maana zikitofautiana zinaongea kama walevi wawili. Nikaweka jina na neno la siri.

Halafu nikafika kwenye ukurasa mrefu wa Kifaransa kigumu. Kisanduku kinaweza kumkatia anayepiga, kisha chenyewe kimpigie. Nilisoma, nikarudia, nikacheka peke yangu. Si bipu hiyo? Kwetu mwenye salio dogo la simu, unité chache, anapiga mlio mmoja, anakata, na mwenye nazo anarudisha. Walioandika kitabu kile walihitaji kurasa nzima kueleza jambo linalojulikana na kila mama anayeuza majani ya pondu sokoni.

Nilitaka kirudishe kwa namba yangu tu. Hadji akakataa.

"Na mimi je, fundi? Na bandugu yangu? Chambre froide iko yako?"

"Iko yako, papa Hadji. Lakini kila mutu akibipu, unité ya mashine itakwisha."

"Nani atabipu? Fungulia bote."

Nikawafungulia wote. Mteja ndiye aliyesema.

Basi Hadji akaanza kujivuna. Kila alipoketi aliitoa ile namba: bipu Bengamisa, uone kama haitakurudishia. Shemeji zake wakabipu. Wavuvi wa kule kwenye maporomoko, ambao samaki wa barafu kwao ni kichekesho, wakabipu pia, na modemu ikawapigia, ikawalilia sikioni kwa miluzi yake. Wakaanza kumwita barabarani: "Hadji! Samaki yako iko napiga miluzi!"

Alasiri moja ya mvua alishuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda changu, kanzu imemgandama mwilini. Mama mmoja anayeuza mihogo jirani na chumba chake alikuwa amempigia: radi imepiga, jenereta imenyamaza, mlinzi amekwenda matanga.

"Fundi, washa!"

Nikaibipu mashine. Tukangoja. Nikabipu tena. Kimya.

"Imeishiwa," nikasema. "Tuma unité."

"Nitumie mashine unité?"

"Si unatumiaka bibi yako?"

Akatuma. Nikabipu, namba ikawa na mtu. Nikabipu tena, ina mtu. Nikamtazama Hadji, naye akaelewa. Mashine ilikuwa imepata unité, na ilikuwa inazitumia kumrudishia mtu mwingine. Akanyakua simu yake, akawapigia shemeji zake, akawapigia na wavuvi, mmoja mmoja.

"Musibipu! Nasema basi! Hapana, haiko mchezo, mali yangu iko naoza!"

Nilisikia kicheko upande wa pili, kisha kicheko kikakatika.

Nikabipu mara nyingine. Modemu yangu ya kibandani, iliyofungwa kwenye kompyuta, ikalia. Nikaingia. Kipimajoto kilikuwa kimepanda, lakini barafu ilikuwa bado haijayeyuka. Nikaituma amri ya kuwasha. Jenereta ikakataa. Nikafuta alama ya kosa iliyoachwa na radi, nikaituma tena, na namba za umeme zikaanza kupanda kwenye kioo.

"Imewaka," nikasema.

Hadji hakuniamini. Akampigia yule mama wa mihogo, na mama akainyoosha simu kuelekea chumba cha baridi. Jenereta ikanguruma ndani ya kibanda changu. Hadji akakaa kwenye benchi bila kukamua kanzu.

Mimi sikukata simu; nilibaki ndani ya kisanduku. Nikafuta ruhusa ya namba zote, na yake pia, ikabaki yangu tu. Alikuwa anaona.

"Na mimi nitaijuaje?"

"Utakuja hapa."

Tangu siku hiyo anakuja. Anakaa kwenye benchi lile lile, nabipu, na tunangoja pamoja mashine irudishe. Wavuvi bado wanamuuliza kama samaki wake wamechoka kupiga miluzi. Anawajibu wamuulize fundi wa Mangobo.